Nyumba Mpya Inayovuja

Wazee wetu waliposema neno "msafara" waliwaza watu: wapagazi wanaofuatana mmoja nyuma ya mwenziwe, mizigo kichwani, kutoka pwani mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji, baada ya kuvuka ziwa Tanganyika, mpaka Kasongo na Nyangwe. Waajemi nao walikuwa na neno lao kwa kundi la wasafiri wa namna hiyo, na neno hilo likapita katika lugha nyingi hata likafika Ulaya. Huko likageuka maana. Mwingereza wa leo akisema "karavani", hawazi tena watu njiani. Awaza nyumba ndogo yenye magurudumu, inayofungwa nyuma ya motokari na kuvutwa barabarani. Ndani yake mna vitanda, meza, jiko la gesi, friji, choo, na mara nyingi bafu ya kusimama. Siku za mapumziko jamaa huondoka nayo, huiegesha penye majani karibu na bahari au mlima, na humo hula na kulala juma moja au mawili.

Mmoja wa watu wa kwanza kujengewa gari la namna hiyo kwa ajili ya starehe tu ni Gordon Stables, mzaliwa wa Uskoti, daktari wa zamani wa meli za kivita, aliyekuwa akiandika vitabu vya vijana. Mwaka 1885 kiwanda kimoja cha mji wa Bristol, kilichozoea kuunda mabehewa ya reli, kilimwundia gari la mbao nzuri lenye uzito wa karibu tani mbili. Farasi wawili walilivuta, naye mwaka uleule akasafiri nalo kutoka kusini ya Uingereza mpaka Inverness, kaskazini ya Uskoti. Mafundi wale wa mabehewa walijua kazi yao: gari hilo lipo hata leo.

Baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1919, kampuni ya Eccles mjini Birmingham ilianza kuunda karavani za kuvutwa na motokari. Siku hizi viwanda vingi vya kazi hiyo viko mjini Hull na kandokando yake, karibu na pwani ya mashariki. Mji huo tumeusikia hata sisi, kwa maana baadhi ya Wakongomani waliopokewa Uingereza kama wakimbizi katika miaka ya 2000 walipewa makao huko.

Karavani mpya si kitu cha bei ndogo. Nyingi huuzwa kwa pauni 20,000 au 30,000, na nyingine hupita 40,000. Kwa mtu aliyestaafu, hiyo ni akiba ya miaka mingi. Tena wanunuzi wengi hawatazamii kwamba kitu chenye bei hiyo, kilichotoka kiwandani jana, chaweza kuwa kibovu tangu siku ya kuzaliwa kwake, na kwamba siku za kujitetea vizuri ni chache.

Siku ya kupokea

Tuwafuate sasa, kwa mawazo, mume mmoja na mkewe. Majina hatuwapi, maana mambo yao yamewapata watu wengi, huyu hili na yule lile. Mume alifanya kazi bandarini miaka thelathini na minane. Mke alikuwa mpishi wa shule. Walikuwa na karavani kuukuu, ambamo watoto wao walikulia kila mwezi wa nane. Mume alipopata malipo yake ya kustaafu, wakakata shauri kununua mpya, ili wajukuu nao waonje raha ile.

Mwezi wa kumi wakaenda kwenye maonyesho, wakaona moja inayong'aa kama sahani, yenye taa ndogondogo chini ya makabati na mito ya rangi ya maziwa. Bei yake pauni 27,500. Mume akatoa pauni 500 za arabuni kwa kadi ya mkopo ya benki. Ile kuukuu ikahesabiwa pauni 4,000, na yaliyobaki yakatoka katika akiba.

Mwezi wa tatu wakaitwa kuichukua. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Kijana wa duka, mwenye adabu na viatu safi, akawazungusha kwa muda wa dakika arobaini: hapa swichi ya taa, hapa chupa ya gesi, hapa gurudumu la akiba. Pampu ya maji hakuiwasha, kwa sababu tangi lilikuwa tupu. Juu ya paa hakuna aliyetazama. Kisha wakaingia ofisini, wakanywa chai, na mume akatia sahihi katika karatasi inayosema kwamba amepokea gari likiwa katika hali njema.

Nasimama kidogo juu ya karatasi hiyo. Mtu akinunua viatu, huvivaa kwanza, hutembea hatua tano dukani, huinama kutazama kisigino. Mtu yuleyule akinunua nyumba ya pauni 27,500, hutia sahihi baada ya dakika arobaini na kikombe cha chai. Ni ajabu, lakini ndivyo tulivyo wengi wetu. Kitu kikiwa ghali na kipya, twaona haya kukikagua mbele ya mwenye kukiuza, kana kwamba twamshuku wizi.

Usiku wa mvua

Siku ya tisa walilala ndani yake kwa mara ya kwanza, kando ya bahari, si mbali na nyumba ya binti yao. Asubuhi mke akagusa mto wa pembe ya mbele, akaona una maji.

"Paa linavuja," akasema.

"Litavujaje nalo ni jipya?" mume akajibu. "Hizo ni pumzi zetu."

Mume hakusema upuzi. Watu wawili wakilala katika chumba kidogo kilichofungwa, tena wakiwa wamechemsha maji ya chai jioni, mvuke wa pumzi na wa birika hukutana na kioo baridi na kugeuka matone. Matone hushuka, huingia chini ya mito, na asiyejua hupiga kelele kwamba amedhulumiwa. Wauzaji wanalijua jambo hilo, nao hulitumia kuwa jibu la kwanza kwa kila mlalamikaji. Mara nyingi ni jibu la kweli. Mara nyingine ni la uvivu.

Mke hakubishana. Wakapangusa kila kitu mpaka kikakauka, wakawasha joto, wakaacha vitundu vya hewa wazi, kisha wakaenda kulala kwa binti yao. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi walipofungua mlango, vioo vilikuwa vikavu kabisa, na pembe ileile ilikuwa imelowa tena. Hapo neno la pumzi likaisha, kwa kuwa hakuna aliyelala humo.

Ukuta wa karavani

Yafaa kueleza jinsi ukuta wa karavani ulivyo, kwa sababu asiyeujua hujiuliza kwa nini jambo rahisi kama paa limewashinda watu wanaounda ndege.

Jambo la kwanza ni uzito. Motokari ya jamaa haiwezi kuvuta nyumba ya matofali. Washauri wa Uingereza humwambia mgeni katika mambo haya kwamba uzito wa karavani iliyopakiwa usipite asilimia 85 ya uzito wa motokari inayoivuta. Basi mfanyizaji hupigania kila kilo. Ukuta mzima una unene kama wa vidole viwili: nje ni bati jembamba la alumini, au ubao wa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo; katikati ni povu gumu la kuzuia baridi; ndani ni tripleksi, yaani mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja, ya milimita chache. Milango ya makabati ni myepesi vivyo hivyo, na sakafu nayo imeungwa kwa gundi, povu kati ya mbao mbili.

Jambo la pili ni viungo. Kuta na paa hukutana pembeni. Hapo fundi hupaka mastiki, ile gundi laini ya kuzibia nafasi, juu yake hulaza reli ndefu ya alumini, kisha huifunga kwa skurubu nyingi. Kila skurubu ni tundu. Kila dirisha ni tundu kubwa. Taa za nje, bomba la kutolea moshi, kidirisha cha juu ya kitanda, kila kimoja kimekatiwa nafasi yake katika ukuta uliokuwa mzima. Kinachozuia mvua ni mastiki peke yake. Fundi akiipaka kidogo mno mahali pa urefu wa kidole, au akiipaka juu ya vumbi la msumeno, au skurubu moja ikikosa kushika mti, maji yamekwisha pata njia.

Tena nyumba hii haikai mahali pamoja. Sheria ya Uingereza yaruhusu ivutwe kwa mwendo wa maili 60 kwa saa katika barabara kubwa, yaani karibu kilometa 96. Fikirini nyumba yenu wenyewe, pamoja na kabati, vyombo na choo, ikikimbia kwa mwendo huo juu ya mashimo na matuta, huku upepo ukiisukumia mvua usoni. Paa la nyumba ya kawaida hukutana na nguvu kama hiyo siku ya tufani tu. Karavani hukutana nayo kila inapokwenda likizo.

Na maji yakiingia ndani ya ukuta, hayana haraka. Huloweka povu na mti polepole, upande wa ndani ukibaki mzuri wenye karatasi ya maua. Mwaka wa kwanza hakuna aonaye kitu. Mwaka wa pili kuna harufu kidogo, na watu husema ni harufu ya kabati lililofungwa. Mwaka wa tatu ukiegemeza kidole ukutani, kidole chaingia. Kwa hiyo mafundi hutumia kipimo chenye sindano mbili au kibao cha kuegemeza ukutani, kinachosoma unyevu kwa asilimia. Mpaka 15 hakuna neno. Kati ya 15 na 20 mtu aangalie tena baada ya muda. Ikipita 20, maji yanaingia, na ikipita 30 yafaa kuogopa kwamba mti wenyewe umeanza kuharibika. Pembe ya mume na mke wetu ilisoma 26.

Mtu atauliza: kiwanda hakina kipimo hicho? Kinacho. Lakini motokari moja huundwa kwa maelfu mengi, na roboti huchomelea mahali palepale mara elfu bila kukosa. Karavani bado ni kazi ya mikono kwa sehemu kubwa. Tena wafanyizaji hupenda kutoa sura mpya karibu kila mwaka, kabati limesogezwa huku, dirisha limepanuliwa kule, na fundi ambaye sasa tu ameizoea sura ya mwaka jana hupewa nyingine. Mwaka 2020 na 2021, safari za ndege zilipozuiwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, Waingereza wengi walitaka karavani kwa mara moja, huku vipande na mafundi vikiwa haba. Siwatetei, naeleza tu. Mwenye kulipa hakuomba kuwa mkaguzi wa mwisho wa kiwanda, lakini mara nyingi ndiye anayekuwa.

Makosa mengine, na yasiyo makosa

Mvua ikisha kuwafungua macho, wakaanza kutafuta. Mlango wa kabati la juu ulijifungua kila walipopinda kona, kwa kuwa kishikizo chake hakikukutana na mwenziwe. Walipojaza tangi na kuwasha pampu, maji yalidondoka chini ya kitanda, penye kiungo cha bomba kilichosukumwa nusu tu. Maji ya bafu hayakuondoka upande mmoja. Haya yote ni madogo: kila moja fundi hulimaliza kwa saa moja. Wenzao wengine hupatwa na makubwa zaidi, kama sakafu inayobonyea na kulia chini ya mguu kwa sababu gundi imeachana na povu, au ufa katika ubao wa plastiki wa mbele. Na jambo moja halipasi kungoja siku hata moja: nati za magurudumu hukazwa tena kwa kipimo chake baada ya kilometa 50 hivi za kwanza, hata kama kila kitu chaonekana sawa.

Lakini mtafuta makosa huweza kupotea upande wa pili. Mke alifungua sanduku la chupa za gesi, akaona matundu wazi kwenye sakafu yake, na upepo baridi ukipita. Karibu na jiko akakuta tundu lingine.

"Hata sakafu hawakuimaliza," akasema, akachukua tambara ayazibe.

Bahati njema mumewe alimzuia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu. Hutambaa chini kama maji, na matundu yale yamewekwa makusudi ili itokee nje badala ya kukusanyika miguuni pa watu waliolala. Vivyo hivyo vitundu vya hewa vya juu, visivyofungika kabisa. Watu wameviziba kwa ajili ya baridi, wakajiletea hatari ya moshi wa jiko usio na harufu. Basi kabla ya kuandika kwamba kitu ni kibovu, yafaa kufungua kitabu kilichokuja na gari na kuuliza kazi yake.

Siku thelathini

Siku ya kumi na mbili mume akapiga simu dukani. Wakamjibu kwa upole kwamba shajara ya fundi imejaa. Ailete baada ya majuma saba. Akashukuru, akaweka simu. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, kama kungoja zamu kwa daktari.

Jioni akamsimulia jirani, mzee aliyemiliki karavani nne kwa zamu. Jirani akamwuliza neno moja tu: "Umewaandikia?"

Hapa ndipo penye uzito wa mambo. Sheria ya Uingereza juu ya haki za wanunuzi, iliyotungwa mwaka 2015 na kuanza tarehe 1 Oktoba mwaka huo, yasema kwamba kitu kilichouzwa na mfanya biashara kiwe na ubora wa kuridhisha, kifae kazi yake, na kilingane na maelezo yaliyotolewa. Kisipokuwa hivyo, mnunuzi aweza kukirudisha na kudai fedha zake ndani ya siku 30. Zikipita siku hizo bila neno, haki haiishi, lakini inapungua: lazima kwanza ampe mwuzaji nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana ndipo adai kurudisha au kupunguziwa bei. Kosa likionekana ndani ya miezi sita, huhesabiwa kwamba lilikuwamo tangu siku ya kuuza, na ni juu ya mwuzaji kuonyesha kuwa sivyo. Baada ya miezi sita mzigo huo wa kuthibitisha huhamia kwa mnunuzi.

Tena mnunuzi akiomba matengenezo ndani ya siku 30, hesabu ya siku husimama mpaka atakaporudishiwa mali yake, na hapo hupata zile zilizobaki, au siku saba kama zilizobaki ni chache kuliko hizo. Majuma saba ya kungoja, basi, hayakuwa lazima yamwangamize mume wetu. Lakini nani angeshuhudia kwamba aliomba? Alizungumza kwa simu na msichana wa mapokezi ambaye hakumwuliza hata namba ya gari. Mwezi wa tano angesimama mbele ya meneja akisema "nilipiga simu", na meneja angesema "hatuna habari hiyo katika vitabu".

Jirani akamfundisha mambo mengine mawili. La kwanza, anayewajibika kwa sheria hiyo ni aliyemwuzia, wala si kiwanda. Dhamana ya kiwanda, ile karatasi nzuri inayoahidi miaka kadhaa juu ya maji kuingia, ni kitu cha pembeni, nayo ina masharti yake, hasa kwamba gari likaguliwe na kupimwa unyevu kila mwaka kwa wakati uliowekwa. Mwenye kukosa ukaguzi mmoja huweza kupoteza dhamana yote. La pili ni juu ya zile pauni 500 za arabuni. Kwa sheria ya mwaka 1974 juu ya mikopo, kitu chenye bei ya kupita pauni 100 na isiyozidi 30,000 kikilipiwa kwa kadi ya mkopo, hata kama ni sehemu tu, benki iliyotoa kadi hujibu pamoja na mwuzaji. Kwa bei ya 27,500, mume alikuwa na mlango wa pili wa kugonga, naye hakuujua.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Ubelgiji ikiwa mojawapo, sheria humpa mnunuzi dhamana ya miaka miwili juu ya mali mpya. Na wasomaji wetu wasidhani kwamba kwetu hakuna kitu. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo Kongo iliirithi kutoka siku za ukoloni, humtaka mwuzaji ajibu kwa makosa yaliyofichika katika kitu alichouza. Anayenunua pikipiki au mashine ya kusaga mahindi mjini Bukavu, ikamfia mikononi, aweza kuuliza habari zake.

Kurudisha au kungoja

Usiku ule mume na mke hawakupatana. Mume alitaka kurudisha gari lote. Alikuwa na hasira, kwa kuwa alijiona mjinga kwa ajili ya sahihi yake.

"Tukilirudisha, tutapata fedha," mke akasema, "lakini ile yetu ya zamani wamekwisha iuza kwa mtu mwingine. Tutakwenda na wajukuu mwezi wa nane kwa kitu gani? Tukiagiza nyingine, twajuaje haitavuja zaidi ya hii?"

"Na tukiiacha watengeneze, wakipaka mastiki juu juu tu?"

Swali la mume lilikuwa la haki. Kuna matengenezo ya namna mbili. Moja ni kupitisha mstari wa silikoni nje, juu ya reli, kazi ya nusu saa. Maji yaliyokuwa yakiingia hapa hutafuta pengine, na yaliyokwisha ingia hufungiwa ndani. Nyingine ni kuondoa reli yote, kukwangua mastiki ya zamani, kukausha ukuta kwa siku nyingi, kubadilisha mti kama umelainika, kisha kufunga upya. Hiyo hula majuma, na mwuzaji haipendi.

Mwishowe wakaandika barua siku ya kumi na tisa, mke akishika kalamu kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Hawakutukana. Walitaja siku waliyopokea gari, siku walipoona maji, jaribio lao la usiku mmoja bila mtu ndani, na ile 26. Waliambatanisha picha kumi na moja. Wakaomba kwamba reli iondolewe na ukuta ukaushwe, kazi yote iandikwe, kipimo kisomwe mbele yao siku ya kurudishiwa. Na wakasema wazi kwamba wasiporidhika watarudisha gari na kudai fedha. Wakaipeleka kwa posta ya kutiwa sahihi, na nakala kwa benki ya kadi.

Baada ya siku nne simu ililia. Shajara ya fundi, iliyokuwa imejaa majuma saba, sasa ilikuwa na nafasi Jumatatu.

Karavani ikakaa kwa fundi majuma matatu. Wakati wa kuirudisha, mume na mke hawakunywa chai. Walikuja asubuhi na tochi, ngazi na jagi la maji. Mume akapanda kutazama reli kwa urefu wake wote. Mke akajaza tangi, akawasha pampu, akapiga magoti akitazama kila kiungo kwa tochi, akafungua na kufunga kila mlango, akamwaga maji katika bafu na kuyangoja yaondoke. Kijana yule mwenye viatu safi akawafuata akiwa na karatasi, akiandika. Hakukasirika, labda aliona afadhali waandike hapa kuliko kwa benki. Kisha wakaomba ruhusa kulala usiku mmoja uani pa duka, umeme ukiwa umeunganishwa, kabla ya kutia sahihi. Maduka mengine hukubali jambo hilo kwa mtu yeyote anayeomba, ila wachache huomba.

Usiku ule mvua haikunyesha. Mume akatoka saa tatu kwa mpira wa maji, akainyeshea pembe ya mbele mpaka majirani wa duka wakachungulia madirishani.

Asubuhi fundi akaleta kipimo, akakiegemeza pembeni, wote watatu wakiinama. Kikasoma 13. Mke akatoa penseli mfukoni, akafungua kabati la nguo, akaandika tarehe na namba hiyo upande wa ndani wa mlango, karibu na bawaba, mahali pasipoonekana. Mwaka uliofuata, baada ya ukaguzi, akaandika chini yake: 14.